Okidi Ikipukutisha Maua Haijafa, Usiitupe

Wapwani wenzangu, kuna ua limeingia majumbani mwetu miaka hii ya karibuni na bado hatujajua kuishi nalo. Zamani zawadi ya maua kwetu ilikuwa kikuba, asumini iliyotungwa, au waridi la kunyunyiziwa marashi. Siku hizi bibi harusi analetewa okidi, mgonjwa aliyetoka hospitali analetewa okidi, na hata maalim anayestaafu madrasa hupelekewa okidi. Chungu kimefungwa karatasi ya kumetameta, na maua meupe au ya zambarau yamejipanga kwenye bua kama vipepeo waliotua juu ya kamba ya kuanikia nguo.

Linakaa mezani wiki sita, nane, pengine miezi mitatu. Kisha linaanguka ua la kwanza, la pili, la tatu, bua linabaki tupu. Hapo ndipo kifo kinapotangazwa. Chungu kinatolewa nje, kinawekwa nyuma ya tangi la maji, na baada ya mwezi mmoja watu wa taka wanakichukua. Mmea ambao ungeweza kuishi miaka ishirini umeondoka kwa sababu umefanya kile ambacho kila mmea hufanya: umemaliza kuzaa, unapumzika. Hakuna anayeng'oa mwembe mwezi wa Mei kwa kuwa embe zimekwisha. Mimi hii naiita israfu.

Sikusomea mimea. Diploma yangu ni ya mambo mengine kabisa. Lakini okidi nimezilea miaka kumi na kitu, na wasomaji kadhaa wameniuliza jambo hili hili kwa namna tofauti, kwa hivyo leo nalijibu kwa urefu.

Nianze na vyungu vya shangazi yangu, Mungu amrehemu. Aliacha vyungu tisa vya okidi juu ya sakafu ya nyumba yake ya zamani. Vilikaa huko karibu miaka miwili bila mtu kuvitazama, huku mambo ya mirathi yakizungumzwa. Nyumba ilipopata mnunuzi, binti yake akanipigia simu: "Kaka, yale maua ya mama yamekauka yote, nimwambie kijana ayatupe?" Nikamwomba asiguse kitu mpaka nifike. Ukiyatazama kwa mbali kweli ungesema kuni. Majani mengi yameanguka, yaliyobaki yamekunjamana kama ngozi ya kiganja kilichokaa majini, makumbi ndani ya vyungu yamegeuka vumbi. Katika tisa, sita zilikuwa hai. Nilijuaje? Kwa mizizi.

Okidi nyingi tunazouziwa hazioti ardhini. Kwao ni misitu ya joto ya Asia, huko Ufilipino, Indonesia na nchi jirani, na zinaishi juu ya matawi ya miti. Hazinyonyi mti, zimekaa juu yake kama mpangaji asiyeomba hata chumvi. Mizizi yake inaning'inia hewani, na imevishwa ngozi nyeupe inayofyonza maji kama sifongo. Ikilowa hugeuka kijani, ikikauka hurudi rangi ya fedha. Mvua inanyesha, mizizi inajaza, upepo unakausha. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, ndiyo maisha yake. Ukiujua huo umeshajua nusu ya kazi.

Sasa tazama tunavyoitendea. Ile inayotoka dukani imefungwa ndani ya unyasi laini unaoshika maji siku nyingi, ikatiwa kwenye chungu cha urembo kisicho na tundu. Mwenye nyumba anamwagia kila siku kwa mapenzi. Maji yanatuama chini, mizizi inakosa hewa, inaoza. Mizizi ikishaoza mmea hauwezi kunywa, kwa hivyo majani yanasinyaa. Mwenye nyumba akiona majani yamesinyaa anasema ana kiu, anaongeza maji. Okidi zinazokufa kwa kuzama ni nyingi kuliko zinazokufa kwa kiu, na dalili zake kwenye majani zinafanana. Ndiyo maana nasema usiulize majani, uliza mizizi.

Utoe mmea kwenye chungu chake, uoshe taratibu, kisha ubonyeze kila mzizi kwa vidole. Mzizi mzima ni mgumu kidogo, wa kijani au wa fedha, na mara nyingi ncha yake ni mbichi. Mzizi uliokufa ama ni laini na una maji machafu ndani, ama ni mtupu kama ganda na ukiuvuta unabaki uzi mwembamba. Yote iliyokufa kata. Kisu au mkasi upitishe kwenye moto kwanza, na tena unapohamia mmea mwingine, kwa sababu magonjwa yake husafiri kwa kisu. Kwenye jeraha paka unga wa mdalasini, ambao hakuna jiko la Mswahili linaloukosa, unazuia ukungu. Ila usiunyunyize kwenye mizizi mizima kwa kudhani dawa ikizidi ndiyo bora, kwa kuwa mdalasini unakausha. Halafu uache mmea kivulini siku moja hivi, jeraha lifunge.

Ukikuta mizizi miwili mitatu tu, inatosha. Ukikuta hakuna hata mmoja lakini majani na moyo wa katikati ni mzima, jaribu bado. Katika nchi kavu watu huufungia mmea kama huo ndani ya mfuko wa plastiki ili usikaukiwe. Sisi mifuko ilishapigwa marufuku tangu Agosti 2017, na bahati nzuri hatuihitaji. Hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Uning'inize kivulini penye upepo, uunyunyizie asubuhi, na usubiri. Lakini kama moyo umekuwa mweusi na unatoa harufu, huo umekwenda. Tatu za shangazi zilikuwa hivyo na sikupoteza muda nazo.

Kuhusu cha kupandia, msitafute mbali wala msitumie udongo. Duniani kote wafugaji wa okidi wananunua vipande vya makumbi ya nazi kwa pesa nyingi, na sisi tunavichoma. Kata makumbi makavu vipande vya ukubwa wa haluwa ya kuonja, changanya na vipande vya makaa na vigae vilivyovunjika. Hapa kuna tahadhari ya kipwani. Usichukue makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kusuka kamba, kwa kuwa yamejaa chumvi. Na hata yale ya uani, yaloweke siku tatu nne, ukibadilisha maji kila siku mpaka yaache kutoa rangi ya chai. Chungu kiwe kidogo, chenye matundu mengi. Kifuu kikubwa kilichotobolewa kinafaa sana kwa mmea mdogo. Ufunge mmea kwenye kijiti usiyumbe, maana mzizi mpya ukisuguliwa ncha tu, unakoma kukua.

Sasa maji yenyewe, na hapa ndipo Mombasa, Malindi na Lamu tunapopata taabu kuliko watu wa bara. Nyumba nyingi zetu zinategemea kisima au maji ya mkokoteni, na maji hayo yana chumvi ambayo ulimi umeshaizoea. Okidi haizoei. Utaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu na ncha za mizizi zinageuka hudhurungi. Mtu atabadilisha mbolea, atabadilisha mahali, atasema amepigwa jicho, na kumbe ni kisima. Wazee wetu walijenga mabirika ya kuvuna maji ya mvua kutoka juu ya sakafu, na okidi inakubaliana na wazee. Kinga maji ya masika na ya vuli kwenye pipa lenye kifuniko, kifuniko kwa ajili ya mbu. Chungu kimoja hakinywi zaidi ya kikombe kimoja kwa mara moja, kwa hivyo pipa moja litakupeleka mbali. Wenye eyakondisheni wanaweza kutumia yale maji yanayodondoka nje, ambayo hayana chumvi.

Mara ngapi? Wakati wa kaskazi, joto likiwa kali, pengine mara tatu kwa wiki kwa mmea uliopandwa kwenye makumbi na makaa. Wakati wa kusi, mawingu na mvua zikiwepo, mara moja huweza kutosha. Lakini achana na kalenda, utie kidole ndani ya makumbi. Maji yamwagwe asubuhi, na yasilale kwenye moyo wa mmea usiku.

Mpaka hapa nimezungumzia kuishi. Kuchanua ni jambo jingine, na wengi wanaoniuliza wamefika hapo: mmea una afya, majani mapana yanang'aa, mwaka wa pili huu, ua hakuna.

Tazama rangi ya majani. Kijani kizito cha kupendeza ni dalili ya giza. Okidi inayoishi ndani ya sebule yenye mapazia mazito itatoa majani mazuri na haitatoa kitu kingine. Unataka kijani cha kupauka kidogo, kama cha embe bichi. Jua la asubuhi la saa moja hadi saa tatu ni zuri. La adhuhuri litaichoma, utaona baka jeupe kisha jeusi. Barazani, chini ya mwembe, au nyuma ya dirisha la mashariki lenye chandarua, hapo ndipo pake.

Ukishatosheleza mwanga, linabaki suala la baridi. Ile okidi ya zawadi, yenye maua kama kipepeo, kitaalamu ni Phalaenopsis. Wazungu wameipa jina la nondo, na nondo huyo ni mdudu, si chuma cha kujengea. Hiyo haianzi bua la maua mpaka ipate wiki nne hadi sita za ubaridi, chini ya nyuzi 26 hivi. Wakulima wa biashara wanalijua hili vizuri. Wakitaka isichanue mapema huiweka kwenye joto la nyuzi 28 na zaidi. Wakitaka ichanue huishusha. Huko Nairobi na Limuru usiku wowote unatosha, ndiyo maana ndugu zetu wa huko wanajisifu bila kufanya lolote. Sisi tuna dirisha moja tu katika mwaka, nalo ni kusi. Julai na Agosti usiku wa Mombasa huteremka mpaka nyuzi 21 hivi, na mchana hauzidi 28 kwa kawaida. Ukiwa umeufungia mmea wako ndani ya chumba cha zege kilichohifadhi joto la mchana, dirisha hilo linapita na hukulitumia. Utoe nje mwezi wa Juni mwishoni, uweke mahali pa kivuli panapopigwa na upepo wa kusi, ila si panaporuka povu la bahari. Uache huko mpaka Septemba. Bua linatokea baina ya majani kama mzizi, lakini ncha yake ni bapa na ina umbo la kidole kilichovaa glavu, ilhali mzizi ni wa mviringo. Ukiliona, usiugeuze tena mmea upande mwingine, maua yasije yakaangalia ukuta. Kutoka hapo hesabu miezi mitatu hivi.

Kama hutaki shida hiyo, nitakwambia ukweli ambao wauzaji hawakwambii: kwa mtu wa pwani, Phalaenopsis si chaguo la kwanza. Chukua Dendrobium zile za mabua manene kama miwa midogo, au Vanda inayoning'inizwa mizizi wazi. Hizi zinapenda joto letu na jua letu. Vyungu vitano kati ya sita vya shangazi vilivyopona ni Dendrobium, na sidhani ni bahati. Kosa linalofanyika kwenye Dendrobium ni kukata mabua ya zamani yaliyopoteza majani, kwa kuyaona mabaya. Usiyakate maadamu ni ya kijani na yamejaa. Hayo ndiyo ghala la chakula, na mara nyingi yanachanua tena kutoka kwenye ncha ile ile. Yaliyosinyaa ya njano kabisa ndiyo uondoe.

Bua la Phalaenopsis nalo lina kanuni yake. Kama mmea una majani manne au zaidi na una nguvu, kata juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, na huweza kutoa tawi la maua upya. Kama ni dhaifu, kata lote. Kumlazimisha mgonjwa azae ni kumuua.

Mbolea ni kidogo. Tumia ya kuyeyusha, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe, mara moja kwa wiki mmea unapokua, na kila mwezi mara moja umwagie maji matupu mengi yaoshe chumvi zilizobaki. Samadi wacha kwa mchicha. Wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani wafute kwa pamba yenye spiriti.

Halafu kuna malalamiko haya: vichipukizi vya maua vimetokea vizuri, vikageuka njano na kuanguka kabla ya kufunguka. Nikiulizwa hivyo, huuliza chungu kiko wapi. Mara nyingi kiko mezani kando ya sinia la matunda. Embe na ndizi zinapoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na okidi huipokea kama amri ya kuacha maua. Moshi pia unayo, uwe wa jiko la makaa au wa chetezo. Fukiza udi wako, lakini si chini ya okidi.

Chungu cha kwanza cha shangazi kilichanua baada ya miezi kumi na minne, maua ya zambarau yenye koo jeupe. Nilimpelekea binti yake picha. Alijibu kwa kuomba picha nyingine, ya karibu zaidi, na wiki iliyofuata akaja kuchukua vyungu vyake vitatu. Nyumba ilikuwa imeshauzwa kitambo.

Sasa nimalizie na jambo linalonikera. Wapo wanaoona haya yote ni kazi, na njia rahisi ni kununua mpya kwa kijana wa kando ya barabara, aliyepanga matita makubwa ya okidi yenye mizizi iliyokatika. Zile hazikupandwa na mtu. Zimebanduliwa kwenye miti yetu. Watu wengi hawajui kama pwani ina okidi zake. Ipo Ansellia africana, ambayo nitaiita okidi chui, yenye maua ya njano na madoa ya hudhurungi, inayokaa juu ya miti mikubwa na kuelekeza mizizi yake myembamba juu kama sindano ili ikusanye majani makavu yanayoanguka. Ipo Angraecum nyingine ambayo jina lake la kisayansi, giryamae, ni la Wagiriama wenyewe. Maua yake meupe hunukia usiku. Na vichakani kuna mtambaazi usio na majani, ndugu kabisa wa vanila ya kwenye keki.

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula; haioti mpaka ikutane na kuvu fulani wa kuilisha. Tita moja kubwa la okidi chui limechukua miaka mingi kufika hapo, na kijana amelibandua kwa panga kwa dakika tano. Okidi chui imeorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari ya kutoweka, na okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES, kwa hivyo huwezi kuvusha ya porini mpakani bila kibali. Katika misitu ya Kaya, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2008, wazee walikataza kutoa hata kijiti kabla ya mkataba wowote kuandikwa. Na huyo uliyenunua kando ya barabara mara nyingi hufa, kwa sababu mizizi yote imebaki kwenye gome.

Lakini kama mti umeanguka kwenye shamba lako mwenyewe, au mkorosho mkuukuu unakatwa na juu yake kuna okidi, hiyo usiiache iende na makaa. Ikate pamoja na gome lake, usiichune. Ipeleke kwenye mwembe au mkwaju ulio karibu, kimo kile kile, mwanga ule ule. Usifunge kwa waya, kwani waya wa shaba au wa mabati hudhuru mizizi. Funga kwa kamba ya makumbi, ikaze sana isitikisike, na mwanzoni uimwagie maji siku za ukame. Kamba itaoza yenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili, na kufikia hapo mizizi itakuwa imeshashika gome.